Gunia la makala na imani yetu: jinsi parokia inavyoweza kutunza uumbaji wa Mungu



Kila asubuhi malori, pikipiki na chukudu huingia mji wa Goma zikiwa zimebeba makala. Mchana gunia linafunguliwa sokoni na kuuzwa kidogo kidogo. Jioni linakuwa moto chini ya sufuria ya maharagi. Kesho yake limebaki majivu. Ni vigumu kupata kitu kingine kinachogusa nyumba za waamini wetu kama gunia hilo. Linamgusa mama anayehesabu franka zake kabla ya kupika, na baba anayelichoma msituni. Linamgusa dada anayeliuza Birere, na mlinzi wa mbuga anayehatarisha maisha yake ili miti isikatwe. Wengi wao Jumapili wanakaa katika benchi moja.

Mara nyingi neno "mazingira" linatufikia kupitia semina, pamoja na kofia na tisheti. Semina ikiisha, neno nalo linaondoka. Lakini kanisa haliondoki. Lilikuwapo lava ilipokata mji wetu katikati tarehe 17 Januari 2002, na lilikuwapo Mei 2021 watu walipokimbilia Sake, Rutshuru na Gisenyi. Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba parokia ina nafasi ambayo mradi wa miaka miwili hauna. Katika andiko hili tunataka kueleza kwa nini kazi hii ni ya kanisa, na namna parokia inavyoweza kuianza kwa nguvu zake yenyewe, ikianzia jikoni.

Je, hili ni jambo la kanisa?

Wako waamini wanaouliza: watu wanakimbia vita, watoto wanalala njaa, na wachungaji mnatuhubiria miti? Swali hili linastahili jibu la heshima, kwa maana wanaouliza wamebeba mengi.

Tufungue Kumbukumbu la Torati 20:19-20. Hapo Musa anaweka sheria kwa jeshi linalouzunguka mji kwa vita. Anawakataza askari kuiharibu miti ya matunda, kwa sababu watu wanapata chakula kwayo. Tuone vizuri: sheria hiyo ilitolewa kwa ajili ya wakati wa vita. Musa hakungoja amani ndipo aseme juu ya miti. Alijua kwamba siku bunduki zitakaponyamaza, watu watahitaji kula, na aliyekata kila kitu atakuwa ameua hata wale waliosalia. Sura tatu mbele, katika 23:12-14, Musa anaagiza kambi iwe safi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufunika uchafu wake, kwa kuwa Bwana anatembea katikati ya kambi. Sisi tuliokaa katika kambi, au tuliopokea ndugu zetu waliotoka kambini, tunaelewa neno hilo bila kufafanuliwa.

Kuna pia Yeremia 29. Nabii anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu. Hawajui watarudi lini kwao. Naye anawaambia wajenge, wapande bustani, wale matunda yake, na wautakie amani mji waliomo. Mtu wa Masisi au wa Rutshuru anayeishi leo Ndosho au Mugunga anaweza kusoma barua hiyo kana kwamba ameandikiwa yeye.

Nyuma ya maneno hayo yote kuna Mwanzo 2:15. Kabla ya dhambi, kabla ya hema na hekalu, Mungu alimweka mtu bustanini na kumpa kazi mbili: kulima na kutunza. Sisi watu wa Kivu tunaijua sana kazi ya kwanza. Ya pili ndiyo inayosahaulika. Zaburi ya 24 nayo inatukumbusha kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana, na sisi ni watumishi tutakaoulizwa hesabu.

Wengine husema: dunia hii itapita, basi ya nini kuhangaika nayo? Mwili huu nao utapita, lakini tunauosha, tunaulisha na kuupeleka hospitali. Hatuudharau kwa sababu haudumu. Tunautunza kwa sababu ni wa Mungu, na tumepewa kwa muda.

Makala yetu hutoka wapi?

Makala mengine yanayofika Goma hutoka katika mashamba ya miti ya watu binafsi, hasa upande wa Masisi. Lakini sehemu kubwa hutoka katika msitu wa Virunga. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1925, na mwaka 1979 UNESCO iliiweka kati ya urithi wa dunia. Tangu 1994 imo pia katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwaka huo wa 1994 watu wazima wanaukumbuka. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walifika Goma kwa siku chache na kuwekwa katika kambi za Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko, pembeni kabisa mwa mbuga. Watu walihitaji kupika, na kila siku maelfu waliingia msituni kutafuta kuni. Baadaye vita vilifuatana. Tangu 2022 kambi mpya zilienea Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, na wamama wengi waliokwenda kutafuta kuni walishambuliwa na kubakwa njiani. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuni, tunazungumza pia juu ya usalama wa binti zetu.

Biashara ya makala imewalisha watu wengi maskini, lakini pia imelisha makundi yenye silaha yanayotoza kodi kwenye matanuru na barabarani. Imemwaga damu. Julai 2007 sokwe wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na uchunguzi uliunganisha mauaji hayo na biashara ya makala. Walinzi wa mbuga wameuawa kwa makumi katika miaka hii ya vita. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, walinzi 12 walipoteza maisha pamoja na raia. Wengi wa walinzi hao ni watoto wa vijiji vyetu.

Tufanye sasa hesabu ndogo. Katika tanuru la kienyeji, lile la kufunika miti kwa majani na udongo, kilo 1 ya makala hula kilo 6 hadi 10 za miti. Gunia la kilo 50, basi, limekula kilo 300 hadi 500 za miti. Mti ambao ulichukua miaka 30 kukua unaweza kwisha katika nyumba moja kwa miezi michache.

Na mlima uliovuliwa miti hauna kitu cha kuzuia maji. Mwanzoni mwa Mei 2023 mvua kubwa ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, ng'ambo ya ziwa letu. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mvua ndiyo iliyoleta msiba ule, lakini mizizi ya miti ingeushika udongo kwa nguvu zaidi.

Tuanze jikoni mwa parokia

Parokia ni nyumba inayopika sana. Kuna arusi, vilio, mkutano wa wamama, kambi ya vijana, wageni wa sinodi, sikukuu ya mavuno. Jambo likibadilika katika jiko hilo, wamama mia wanaliona kwa macho yao siku moja, wanashika sufuria, wanauliza, na kesho wanajaribu nyumbani. Mahubiri yanasikika, chakula kinaonjwa. Haya ndiyo mambo yanayoweza kuanza bila kungoja msaada kutoka mbali.

La kwanza ni mbabula. Mbabula ya bati tupu inatupa moto pande zote. Mbabula iliyoboreshwa ina udongo wa kuchomwa ndani yake unaoshika joto, ina mlango mdogo wa kupunguza hewa moto unapokuwa mwingi, na sufuria inakaa karibu na makala. Ikitumiwa vizuri, inaweza kuokoa theluthi moja ya makala au zaidi. Mafundi wanaozitengeneza wapo hapa Goma. Chama cha wamama kinaweza kuzinunua kwa kuchangiana kwa zamu, kama wanavyochangiana kwa sahani na vitambaa: mwezi huu wanapata watatu, mwezi ujao watatu wengine.

La pili ni maharagi, maana ndiyo yanayokula makala kuliko vyakula vingine vyetu. Yalowekwe tangu jioni, maji yale yamwagwe asubuhi, kisha yachemshwe kwa maji mapya sufuria ikiwa imefunikwa. Yakiisha kuchemka kwa nguvu kwa muda wa nusu saa, sufuria inaweza kuondolewa motoni na kuwekwa ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa mablanketi ya zamani au majani makavu ya ndizi, na kufunikwa vizuri juu. Joto halipati njia ya kutoka, na maharagi yanaendelea kuiva polepole bila moto. Baada ya saa chache yanarudishwa motoni yachemke tena, yamalizike kuiva, ndipo yaandaliwe. Mama anayepika namna hii anapata pia muda wa kwenda sokoni bila kulinda moto.

La tatu ni namna ya kuwasha. Nyumba nyingi huwasha makala kwa kipande cha plastiki kwa sababu kinashika moto haraka. Moshi wake ni sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye mgongoni mwa mama. Vijiti vikavu, maganda makavu ya mahindi au karatasi vinatosha. Na jambo moja zaidi: sisi wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, ambayo haionekani lakini inaua mbuzi na hata watu. Mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa nyingine isiyoonekana, nayo inaua vilevile. Tulitangaze hilo hasa katika miezi ya mvua, watu wanapolala na mbabula chumbani kwa sababu ya baridi.

La nne ni vumbi la makala. Chini ya kila gunia kunabaki vumbi linalotupwa. Likichanganywa na karatasi iliyolowa, au uji mwepesi wa unga wa muhogo, au udongo kidogo, likafinyangwa na kukaushwa juani, linakuwa makala mapya yanayowaka polepole. Yanafaa sana kwa maharagi na sombe. Vijana wanaweza kuyatengeneza na kuyauza.

Wale waliofikiwa na umeme nao wana nafasi yao. Tangu kiwanda cha Matebe, katika Rutshuru, kilipofunguliwa mwishoni mwa 2015, umeme wa maji ya mito ya Virunga umefika nyumba nyingi za Goma. Sufuria ya umeme inayofunga mvuke hupika maharagi kwa umeme kidogo. Si kila nyumba inayoweza kuinunua, na tusiwaaibishe wasioweza. Lakini ndugu aliyejaliwa, ambaye bado anapika kila kitu kwa makala kwa sababu ya mazoea tu, anaweza kuulizwa kwa upole.

Tuone faida yake kwa mfano. Tuseme parokia ina nyumba 200, na kila nyumba inaokoa gunia moja la kilo 50 kila baada ya miezi miwili. Kwa mwaka ni magunia 1,200, yaani tani 60 za makala, na hizo ni tani 360 hadi 600 za miti iliyobaki imesimama. Na pesa za magunia 1,200 zimebaki mikononi mwa wamama, kwa ada ya shule na kwa dawa.

Ndugu zetu wanaouza makala

Hapa tunahitaji hekima. Mhubiri akisimama na kusema kwamba makala ni dhambi, mjane anayeuza makala mbele ya nyumba yake ili kusomesha watoto watano atainama kichwa, na Jumapili ijayo hatarudi. Na aliyemhukumu ataenda nyumbani kula chakula kilichopikwa kwa makala.

Tutenganishe mambo. Kupika kwa makala si dhambi. Kuuza makala yaliyotoka katika miti ya mtu aliyeipanda ni kazi halali. Kuchoma msitu wa mbuga ili kutajirisha wenye bunduki ni jambo jingine, na kanisa haliwezi kulinyamazia. Muuzaji mdogo wa Majengo au Himbi mara nyingi hana nguvu ya kuchagua. Ananunua kinacholetwa na lori.

Kwa hiyo tuwaite wauzaji hao katika kikao cha kwanza kabisa, na tuwasikilize. Wao wanajua bei, wanajua barabara, wanajua gunia lipi limetoka wapi. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianza kazi iitwayo EcoMakala, ikiwasaidia wakulima wa kando ya mbuga kupanda miti inayokua haraka katika mashamba yao wenyewe, ili makala ya mji yatoke huko. Parokia za vijijini zenye ardhi zinaweza kufanya hivyo, na parokia za mjini zikawa wanunuzi wao. Muuzaji anaweza pia kuongeza mbabula zilizoboreshwa na makala ya vumbi katika biashara yake. Tukimwambia mtu aache mkate wake, tumwonyeshe kwanza mkate mwingine.

Plastiki, mitaro na ziwa

Baada ya mkutano mkubwa, uwanja wa kanisa hubaki umejaa chupa na masashe. Mvua ikinyesha, vyote vinaingia mtaroni. Mtaro unaziba, maji yanaingia nyumbani kwa jirani, na kinachobaki kinafika ziwani. Maji ya Kivu yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, na huko plastiki hukusanyika mbele ya bwawa la umeme hadi mashine zinakwama na watu wanakosa umeme. Chupa iliyotupwa na mwimbaji wa korali Goma inaweza kumzimia taa mgonjwa wa Bukavu.

Nchi yetu ina sheria. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Jirani zetu wa Rwanda walikwisha kuikataza tangu 2008, na yeyote anayevuka kwenda Gisenyi anajua kwamba sashe inabaki mpakani. Kama tunaweza kuwa wasafi upande ule, tunaweza pia upande huu.

Parokia inaweza kuweka taratibu tatu nyepesi. Kila mtu aje kwenye sikukuu na kikombe chake. Maji yachemshwe au yatiwe dawa na kuwekwa katika chombo kikubwa chenye bomba, badala ya masanduku ya chupa. Na karibu na mlango kuwe na mapipa mawili, moja la plastiki na jingine la maganda na mabaki ya chakula. Maganda yanakuwa mbolea. Plastiki wapewe wale wanaoikusanya, na isichomwe uwanjani. Katika Yohana 6:12, baada ya watu elfu tano kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kitu chochote kisipotee. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona haya kuokota mabaki. Watoto wa ECODIM wanalipenda sana fundisho hilo, na wakipewa kazi ya kusimamia mapipa, hata wazee wanawatii.

Maji ya mabati

Mji wetu una ziwa kando yake, lakini watoto wanaamka alfajiri kubeba bidoni. Tutazame juu: paa la kanisa ni shamba la maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita 30 kwa 10 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 6,000. Tukipoteza sehemu ya tano, zinabaki lita 4,800, ambazo ni bidoni 240 za lita 20, kwa mvua ya siku moja.

Kwetu, hata hivyo, kuna jambo la kuangalia. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hutia mvua asidi na madini ya floraidi, ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kila mvua yaachwe yaoshe mabati na kumwagika. Maji yanayowekwa katika tangi yatumike kwa kufua, kuosha sakafu, vyoo na bustani. Hata kwa matumizi hayo peke yake, safari nyingi za bidoni zinapungua, na maji safi ya kununua yanabaki kwa kunywa na kupika.

Kupanda juu ya mawe ya volkano

Goma imesimama juu ya lava, na wageni hushangaa kwamba kitu kinaota. Kinaota, lakini kwa kazi. Kwa mti mmoja inabidi kuvunja mawe na kufungua shimo, kuleta udongo kwa magunia, kuuchanganya na mbolea ya maganda, na kupanda mvua inapoanza, Septemba au Oktoba, ili mti uwe na mizizi kabla ya kiangazi cha Juni. Penye nafasi ndogo, gunia lililojazwa udongo linatosha kwa mboga. Katika uwanja wa kanisa tupendelee miti ya matunda na kivuli kama avoka, pera na greveria. Mkaratusi tuuache kwa mashamba ya makala yaliyo mbali na chemchemi, maana unakunywa maji mengi.

Lakini kupanda ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya miaka. Katika hili ndugu zetu wa Tanzania wanaweza kutufundisha. Kule Kilimanjaro, katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Askofu Fredrick Shoo alifahamika kama askofu wa miti, na vijana wanaojiandaa kwa kipaimara hupanda miti kama sehemu ya mafunzo yao. Mti unaingia katika maisha ya imani, pamoja na kujifunza Maandiko na sala.

Sisi tuna darasa la ubatizo. Kila anayebatizwa anaweza kupewa mche mmoja, wake mwenyewe, uwanjani au nyumbani, na mzee wa kanisa anayemtembelea kumuuliza juu ya sala zake akamuuliza pia juu ya mti wake. Tunaweza kufanya hivyo kwa arusi na kwa mtoto anayewekwa wakfu. Na kwa wafiwa ambao makaburi ya wapendwa wao yako mbali, katika vijiji wasivyoweza kurudia, mti wa ukumbusho unaweza kuwa faraja. Mti wenye jina la mtu haukaukiwi kirahisi.

Kazi isife

Tumeona kazi nyingi nzuri zikianza kwa ngoma na kufa kwa ukimya, kwa sababu zilikuwa za mtu mmoja au za pesa za mtu mwingine. Ili hii isife, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, baraza la parokia lichague watu watano: mama mmoja wa jikoni, kijana mmoja, muuzaji mmoja wa makala, mwalimu wa ECODIM na shemasi. Mchungaji awasindikize, lakini asiwe mwenye kazi peke yake, kwa kuwa mchungaji huhamishwa.

Pili, lianze jambo moja tu kwa miezi sita. Parokia inayoanza na mbabula, maji, miti na plastiki kwa pamoja itachoka kabla ya Krismasi.

Tatu, hesabu isomwe mbele ya watu, kama inavyosomwa hesabu ya sadaka: mwezi huu jiko la parokia limetumia magunia mangapi, mwezi uliopita mangapi, miti iliyopandwa ni mingapi, na iliyo hai ni mingapi. Ile hesabu ya pili ndiyo yenye ukweli.

Nne, liwepo neno katika ibada. Jumapili ya mavuno inafaa sana. Waamini walete mazao yao, na pamoja nayo tumshukuru Mungu kwa udongo, mvua na miti, na kuwaombea walinzi, wakulima na wamama wanaotafuta kuni. Warumi 8 inatuambia kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja nasi vikingoja ukombozi. Maombi yetu yanaweza kubeba kuugua huko.

Hatuahidi kwamba parokia moja itamaliza vita au kuurudisha msitu wote wa Virunga. Yako mambo yanayowahusu wakuu wa nchi, na tutaendelea kuwaambia. Lakini moto unaowaka jikoni kwetu uko chini ya mikono yetu, na Bwana atatuuliza juu ya kile alichotuwekea mikononi.

Maswali ya kuzungumza katika seli

1. Katika nyumba zetu, gunia moja la makala linakaa siku ngapi? Nani kati yetu anajua limetoka wapi?

2. Someni Kumbukumbu la Torati 20:19-20. Kama sheria hii ingeandikwa kwa ajili ya Kivu leo, ingewaambia nini wenye silaha, na ingetuambia nini sisi?

3. Tuchague jambo moja ambalo seli yetu inaweza kuanza wiki hii bila kungoja pesa kutoka nje. Nani ataleta habari yake mwezi ujao?

Bwana aliyetuweka katika nchi hii ya moto na maji atupe mikono ya kulima na moyo wa kutunza. Amina.